Kuusikiliza Moyo Kabla ya Kuutuliza: Mwongozo wa Tiba ya Nafsi kwa Mtu wa Ibada

Mtu anapofiwa, anapoachika au anapoachishwa kazi, maneno ya kwanza anayoyapokea kwetu ni ya kumtuliza: jikaze, jipe moyo, yote ni mapenzi ya Mungu, yatapita. Maneno hayo yana utu ndani yake na sikusudii kuyabeza, kwa kuwa siku ya msiba mtu hahitaji uchambuzi, anahitaji bega. Tatizo huanza baadaye, pale mwenye uchungu anapoyachukua maneno yaleyale na kujiambia mwenyewe kila moyo unapotaka kusema jambo, mpaka kinachomuuma kikajifunza kunyamaza bila kupona. Miezi kadhaa baadaye hurudi kwa mlango mwingine: usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi, tumbo linauma na vipimo havionyeshi kitu, mtoto anafokewa kwa kosa la kumwaga maji.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayesali, wa dini yoyote ile, anayetaka kuishughulikia nafsi yake kwa utaratibu, iwe anaonana na mshauri nasaha au mwanasaikolojia, au bado hajampata. Njia ninayoieleza inashika mwili, maneno na ibada kwa pamoja, na msisitizo wangu mkubwa uko kwenye mpangilio: kusikiliza kunatangulia, kutuliza kunafuata. Katika miaka niliyokaa kwenye chumba cha ushauri nimewaona wacha Mungu wengi waliokwama mahali pamoja kwa muda mrefu kwa sababu tu walianzia mwisho.

Anza na maneno uliyonayo

Kiswahili kimeziweka hisia mwilini tangu zamani, na huo ni mtaji ambao washauri wengi tuliosomea vitabu vya Kiingereza huupuuza. Tunasema moyo ni mzito, roho iko juu, donge limenikaa kooni, maneno yake yamenikata maini, nina fundo moyoni, nina tumbo joto. Huwezi kulitumia moja mahali pa jingine bila maana kupotea. Mtu akiniambia moyo unamuuma, ninatarajia kusikia habari ya kupoteza au ya kuvunjiwa ahadi. Akiniambia roho inamuuma, mara nyingi kuna mtu mwingine aliyepata kile alichonyimwa yeye. Na akiniambia nafsi inamsuta, najua kuna jambo alilolitenda au aliloacha kulitenda, na hahitaji kuambiwa ni lipi kwa sababu analijua. Hizi si kanuni zisizovunjika, na watu wa Mombasa, Tabora na Lubumbashi hawayatumii maneno haya sawasawa, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Waislamu watakumbuka kuwa Kurani inaitaja nafsi katika hali tatu: nafsi inayoamrisha maovu katika Sura Yusuf, nafsi inayojilaumu katika Sura Al-Qiyama, na nafsi iliyotulia katika Sura Al-Fajr. Kinachonivutia ni kwamba hiyo ya pili imeapiwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Kujilaumu, basi, ni sauti yenye heshima inayostahili kusikilizwa, ilimradi isiachwe ikawa hakimu, shahidi na askari magereza kwa wakati mmoja.

Maneno ya hospitali, kama vile sonona, kiwewe na msongo wa mawazo, yana kazi yake, na daktari atayahitaji. Ninachoshauri ni kutoyatumia kuanzia zoezi. Mtu akishajiambia "nina sonona" huona kana kwamba swali limejibiwa, na hapo huacha kutazama.

Mwili hutangulia

Ninapotaka kumweleza Mkristo jambo hili humrejesha kwenye kisa cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Analala usingizi. Malaika anayetumwa kwake hamhubirii wala hamkemei kwa kukata tamaa. Anamgusa na kumwambia ainuke ale, na hapo kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili, ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu, na ni huko anakoulizwa: unafanya nini hapa? Usingizi mara mbili na mlo mara mbili vilitangulia swali moja.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa karne ya 9 na ya 10 kutoka Balkh, iliyoko Afghanistan ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya mwili na nafsi kwa pamoja, akieleza kwamba kimoja kikiugua kingine nacho huathirika. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na huzuni isiyo na sababu ya kuonekana, ambayo aliihusisha na hali ya mwili wenyewe na kutaka mwili nao utibiwe. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na bado unamkuta mtu amezungushwa kwenye maombezi au visomo miezi sita kabla hajapimwa damu. Upungufu wa damu, au tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, huweza kumfanya mtu awe mchovu, mzito na asiye na hamu ya kitu chochote, kiasi cha kufanana kabisa na aliyevunjika moyo. Kwa hiyo kabla ya wiki ya kwanza ya kazi hii nenda kituo cha afya, eleza dalili zako zote, upimwe. Weka saa ya kulala na uifuate, kula chakula cha kueleweka, tembea nusu saa kwa siku. Ni mambo ya kawaida na sitayarefusha.

Hodi na karibu

Zoezi lenyewe limetokana na kazi ya Eugene Gendlin, aliyezaliwa Vienna mwaka 1926 katika familia ya Kiyahudi iliyolazimika kuwakimbia Wanazi, akaja kuwa mwanafalsafa na mtafiti wa tiba ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikofanya kazi pamoja na mwanasaikolojia Carl Rogers. Yeye na wenzake walisikiliza kanda nyingi za mazungumzo kati ya watu na watibabu wao, wakitaka kujua kwa nini baadhi hunufaika na wengine hawanufaiki. Tofauti waliikuta katika namna mtu anavyosema, zaidi kuliko katika kile anachokisimulia. Walionufaika walikuwa na tabia ya kusitasita: "Sijui... si hasira hasa... ni kama kitu kimebanwa hapa..." Walikuwa wakikirudia kitu wanachokihisi mwilini na kukitafutia neno. Gendlin aliigeuza tabia hiyo kuwa hatua zinazoweza kufundishwa, akazichapisha mwaka 1978, na njia yake akaipa jina lenye maana ya kulenga, kama mpiga picha anavyolenga lenzi mpaka sura iliyokuwa na ukungu ikaonekana. Mapadre wawili Wajesuiti wa Marekani, Edwin McMahon na Peter Campbell, waliichukua wakaiunganisha na maisha ya sala.

Kwa Mswahili hatua hizo si ngeni kama zinavyosikika, kwa kuwa ni adabu ya hodi. Mgeni hubisha, mwenye nyumba huitikia karibu, humpa kiti na maji, wala hamuulizi shida yake akiwa bado mlangoni. Hisia nayo ipokewe hivyo.

Tenga dakika 20 katika wakati ambao hakuna atakayekuhitaji. Baada ya sala ya alfajiri panafaa. Usiku pia panafaa ikiwa si mtu wa kusinzia upesi. Zima simu. Kaa kwenye kiti au mkekani, mgongo ukiwa umeegemea kitu. Ukitaka kufungua kwa dua, omba ukweli tu, usiombe utulivu bado.

Hatua ya mwanzo ni kushusha mizigo. Jiulize ni nini kinachokuzuia usiwe sawa wakati huu, kisha kila kinachokuja, iwe ada ya shule, ugomvi na wifi au majibu ya vipimo, kitambue kwa jina na ukiweke kando yako kwa mawazo, kama kuli anavyoshusha gunia moja baada ya jingine bila kulifungua. Wako watu ambao hupumua hapohapo na kuona kuwa kwa siku hiyo inatosha. Ikitosha, imetosha.

Kisha chagua gunia moja, na usilisimulie. Historia yake unaijua, umeshaisimulia kwa rafiki, kwa dada na kwa dari ya chumba chako. Peleka usikivu wako kooni, kifuani na tumboni, ungoje mwili ukuonyeshe unavyolibeba jambo hilo kwa ujumla wake. Mwanzoni utapata kitu hafifu kisicho na jina: uzito, ubaridi, kubanwa, wakati mwingine ganzi tu. Huenda kikachukua nusu dakika au zaidi kujitokeza, na nusu dakika ya kimya ni ndefu kwa mtu aliyezoea kelele. Kikija, kiitikie karibu. Usikikurupukie kwa kutaka kukifukuza wala kukieleza.

Hatua zinazofuata nitazionyesha kwa mfano wangu mwenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mwaka mmoja hivi baada ya mama yangu kufariki, nilikuwa nikihisi kifua kimebanwa kila Ijumaa jioni, kana kwamba mtu amenifunga kanga akakaza fundo. Nilikuwa nimemwombea dua nyingi, tulikuwa tumesoma khitima pamoja na ndugu, na mbele za watu nilikuwa nimeshatulia. Asubuhi moja nilikaa na kile kibano nikaanza kukijaribia maneno. Huzuni? Kifua hakikuitikia; huzuni ilikuwepo, lakini haikuwa hiyo. Majuto? Karibu, ila hapana. Nikangoja. Likaja neno ambalo nisingelichagua: deni. Pumzi ilishuka yenyewe hadi tumboni. Nikalirudia polepole, nikisikiliza kama kifua kinakubaliana nalo, na kilikubali. Ndipo nikauliza: deni la nini? Nikajizuia nisijibu kwa akili, maana akili haikosi jibu la kitu chochote. Baada ya kimya kirefu ikaja picha ya meza ya kikaoni, simu ikitetemeka, jina la mama kwenye kioo, na mkono wangu ukiilaza simu kifudifudi. Ilikuwa Ijumaa. Sikumpigia tena, na Jumatatu akafariki. Dada yangu alikuja kuniambia baadaye kwamba mama alikuwa anatafuta betri za redio.

Sikulia sana. Kilichotokea kilikuwa kidogo na cha hakika: kibano kililegea, na kwa mara ya kwanza nilijua cha kuomba. Nilikuwa nimeshaomba msamaha wa makosa yangu yote kwa jumla. Sasa niliomba kwa ajili ya simu moja iliyolazwa kifudifudi. Wiki ile nilinunua betri nne nikampelekea mama mdogo, ambaye redio ilibaki kwake. Alizipokea akasema, "Ahsante mwanangu, nilishazoea kusikiliza kwa jirani," na hakuuliza zaidi.

Katika kisa hicho zimo hatua nne: kutafuta neno, kulipima kwa mwili, kuuliza, na kupokea kinachokuja bila kukihukumu. Kipimo cha neno sahihi hakiko kichwani. Likipatikana, mwili hulegea kwa namna fulani: pumzi ndefu, machozi mepesi, tumbo kunguruma, hata miayo. Neno lililotungwa na akili, hata liwe zuri namna gani, huuacha mwili vilevile ulivyokuwa. Swali nalo liulizwe kwa upole, kwa mfano: ni nini hasa katika jambo hili kinachokufanya uwe hivi? Au: unahitaji nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Swali ndilo jembe, na makosa mengi ninayoyaona hutokana na kumkabidhi mgeni jembe akiwa bado kizingitini.

Makosa mengine ni kukigeuza kikao kuwa mahakama, au kungoja ufunuo mkubwa. Siku nyingi hutapata picha wala machozi. Utapata ubaridi tumboni usiotaka kusema, na muda ukiisha utauambia kuwa utarudi kesho, kama mgeni anavyosindikizwa hadi njia panda, kisha utaamka ukaendelee na kazi zako.

Ibada ikae wapi

Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani John Welwood, ambaye mwenyewe alikuwa mfuasi wa mafunzo ya Kibudha, aliipa jina tabia aliyoiona kwa wenzake waliokuwa wakitafakari kwa saa nyingi huku majeraha yao ya utotoni yakibaki vilevile. Nami naiita kuchukua barabara ya mchepuko: mtu anaupita mji wa maumivu kwa pembeni, anatokea upande wa pili akiwa na maneno matakatifu mdomoni, na mji uko palepale. Dalili zake kwetu ni rahisi kuzitambua. Huwezi kulitaja kosa ulilotendewa bila kuongeza papo hapo kwamba umesamehe. Mifungo na mikesha inaongezeka kadiri mazungumzo nyumbani yanavyopungua. Unasema umemwachia Mungu jambo ambalo ni zamu yako kulifanya, kama vile kudai matunzo ya mtoto au kukataa kupigwa. Dalili hii ya mwisho naihofia kuliko zote, kwa kuwa wapo wanawake wanaosifiwa kwa subira huku mifupa yao ikivunjwa.

Vitabu vyenyewe haviuchukui mchepuko huo. Nabii Yakubu, katika Sura Yusuf, anatamka subira njema, na katika sura hiyohiyo analia mpaka macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni. Wanawe wanapomlaumu anajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu masikitiko yake. Yesu alilia akiwa anakwenda kwenye kaburi la Lazaro kumfufua. Mtunzi wa Zaburi ya 42 anaiuliza nafsi yake kwa nini imeinama na kufadhaika, kisha anaielekeza kwa Mungu. Swali limetangulia.

Nimewahi kuulizwa, na kwa ukali, kama Kurani inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu, zoezi la nini? Aya hiyo naiamini. Kinachotulizwa ndani yake ni moyo, na mtu anayeingia kwenye dhikri akiwa ameuacha moyo wake mlangoni pamoja na viatu ameleta ulimi peke yake.

Kwa vitendo, fanya hivi. Dakika tano za mwisho za kikao ziwe za sala, na katika sala hiyo tumia neno lilelile mwili ulilolikubali, hata kama halina adabu ya kimimbari. Kama neno ni "nimechoka naye", liseme hivyo mbele ya Mungu, usilibadilishe kuwa "nipe uvumilivu". Baada ya hapo ingia katika mazoea yako: dhikri, rozari, wimbo, au kimya. Wengi huona kwamba ibada ileile waliyoizoea miaka mingi inapata uzito mpya, na wachache huona imekuwa ngumu kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuna hasira dhidi ya Mungu ambayo haikuwahi kuruhusiwa kuketi. Nayo iambiwe karibu.

Jioni, kabla ya kulala, pitia siku yako kwa muda mfupi. Waislamu wana muhasaba, na Wakatoliki wanaofuata njia ya Ignasio wa Loyola wana kutafiti dhamiri kila siku. Anayeyajua haya hahitaji jipya, aongeze tu swali moja: leo mwili wangu ulikaza wapi, na mbele ya nani? Andika mstari mmoja kwenye daftari, tarehe, mahali mwilini na neno, usizidishe. Ukiota ndoto inayokuacha na mapigo ya moyo, iandike kabla hujamsimulia mtu na kabla hujafungua kitabu cha tafsiri, kisha siku hiyo uilete kwenye zoezi kama ungeleta jambo jingine lolote.

Al-Balkhi alishauri kwamba kama mtu mwenye afya anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kwa dharura, vivyo hivyo aweke akiba ya mawazo yenye afya siku za utulivu, ayatumie dhoruba inapokuja. Ukurasa wa mwisho wa daftari lako uwe wa akiba hiyo. Andika sentensi tatu au nne unazoziamini ukiwa mzima, kwa mwandiko wako.

Wakati wa kutafuta mtu

Yapo mambo ambayo hayafanyiwi zoezi hili peke yako. Aliyebakwa, aliyenusurika vita au ajali, au aliyepigwa utotoni anaweza kufunga macho akajikuta amerudi kulekule: mwili unaganda, au anajiona kama yuko nje ya mwili wake. Hilo likitokea, acha mara moja. Fungua macho, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, weka mikono kwenye maji baridi, kanyaga sakafu kwa nguvu, na kazi hiyo uiendeleze ukiwa na mtaalamu wa kiwewe. Anayesikia sauti wasizozisikia wenzake, anayekaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka, au anayepanga kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tanzania kuna Mirembe huko Dodoma, Unguja kuna Kidongo Chekundu, Nairobi kuna Mathari na Kampala kuna Butabika, na hospitali kubwa za mikoa huwa na kliniki ya afya ya akili. Mtu yeyote, awe mchungaji, sheikh, mganga au mshauri, anayekuagiza uache dozi yako ili uonyeshe imani, agana naye kwa heshima na usirudi.

Katika kumchagua mshauri, anza na usajili. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama amesajiliwa. Kwingineko uliza amesomea wapi na kazi yake inasimamiwa na nani. Uliza pia siri ina mipaka gani. Halafu uliza lile ambalo wengi huona haya kuliuliza: imani yangu ikiwa tofauti na yako, itakuwaje? Mshauri anayefaa hataanza kukuhubiria, wala hatatabasamu kwa dharau. Atakuuliza unasali vipi, nani alikufundisha, na siku ambazo huwezi kusali hali inakuwaje. Imam wako au padre wako anaweza kuendelea kuwa msaada sambamba na mshauri, na ni vizuri kila mmoja ajue kuwa mwenzake yupo.

Pasipo na mtaalamu, usidharau mzee mwenye masikio. Nchini Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kuwasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya zahanati, wakitumia neno la Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, badala ya majina ya kitabibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 jijini Harare, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Sishangai. Yule bibi anamkaribisha mtu katika lugha ambayo mwili wake unaielewa.

Ukishampata mtu wako, usimwanzie na historia nzima tangu kuzaliwa. Nenda na daftari. Kaa, msome mstari mmoja, ule wenye neno ambalo kifua kililikubali, kisha lifunge daftari na unyamaze mpaka mwili uongeze jambo. Anayeijua kazi yake hatakikimbiza kimya hicho.